Kadi ya Mchango

Msimu wa harusi ukifika hapa Tanzania, kadi za michango humiminika: ya binamu, ya jirani, ya mfanyakazi mwenzako. Kamati imeshapanga ukumbi, sare na keki. Wewe una ada ya mtoto na kodi ya nyumba. Usikope ili uonekane. Pangia michango kiasi unachokimudu tangu mwanzo wa mwaka, kisha ukitoe kwa moyo mweupe. Usiwahukumu wanaotoa zaidi, wala usijifiche. Fika mapema, menya vitunguu, teka maji, keti na wazee. Huo nao ni mchango. Leo mwambie ndugu yako kwa upendo: “Hiki ndicho nilichojaliwa.”