Dua na Nyundo

Mjukuu wangu ameanza kutambaa, na baraza ya mbao ya binti yangu hapa Ohio ni kuukuu. Jirani yetu mcha Mungu ananiambia mtoto ana malaika wake. Naamini hivyo. Ila katika Hadithi aliyoipokea Tirmidhi, Mtume alimwambia mwenye ngamia amfunge kwanza, kisha amtegemee Mungu. Kuuacha msumari umechomoza ukasema umetawakali ni kuikana amana uliyopewa.

Basi niligongelea misumari, nikaongeza fito za ukingo, nafasi isizidi sentimita 10, kichwa kisipenye. Msasa sikupiga: mbao nyingi za Marekani za kabla ya 2004 zilitiwa dawa yenye aseniki, na vumbi lake ni sumu. Nilitandika mkeka mnene.

Wazazi wenzangu, papaseni mbao zenu leo.