Nzi Asiyeruka

Vunjajungu, ambaye watu wa pwani walisema amgusaye huvunja chombo, hufugwa leo katika nyumba za Ulaya na Marekani. Mtoto wake hujali kitu chenye mwendo, kilichotulia hukipita. Basi hupewa nzi wadogo wa matunda, wale wazungukao ndizi mbivu, wa nasaba isiyoweza kuruka. Nzi wenye mabawa yaliyodumaa walitunzwa na Thomas Hunt Morgan huko New York, katika miaka ya 1910, kwa elimu ya urithi. Sasa wenzao ni posho.

Je, ni haki? Wafugaji hujibu kwamba hata bustanini vunjajungu hula nzi. Ni kweli, lakini udhuru huo ni haba. Bustanini nzi ana mabawa, na mwindaji hushinda njaa siku nyingine. Chupani njia ya kukimbia imezibwa, tena haikuzibwa na vunjajungu.

Hata hivyo, amfungaye kiumbe hujitwika deni la kumlisha. Kumhurumia nzi na kumwacha mfungwa afe njaa ni ukatili uliovaa kanzu ya wema. Lawama, kama ipo, ilianza kabla ya nzi wa kwanza kuingizwa, siku kitundu kilipofungwa kwa ajili ya burudani ya macho.