Mgeni Asiyefika Siku ya Tatu

Wahenga waliposema kuwa mgeni ni siku mbili na ya tatu apewe jembe, hawakuwa wakimfukuza mtu. Walikuwa wakimkaribisha mara ya pili. Siku mbili za mwanzo mgeni hukalishwa mkekani, hupikiwa kilichopo, na kisichokuwapo kikaazimwa kwa jirani, wala hapana anayemuuliza amekuja na nini. Siku ya tatu huamshwa pamoja na watu wa nyumba, akashika mpini, na tangu hapo huitwa kwa jina lake. Jembe ndilo limtoalo mtu katika ugeni na kumtia katika ujirani. Lakini liko swali ambalo methali hiyo haikulijibu, kwa kuwa zama zake halikuwapo. Yule mgeni ambaye siku ya tatu haimkuti, ambaye hata usiku wa kwanza haulali, aitweje? Na furaha anayoivuna katika saa zake nane, ni haki yake au ni ya kuazima?

Asubuhi moja ya msimu wa kaskazi, bandari ya Malindi, Unguja, huweza kuwapokea wageni wa namna mbili kwa wakati mmoja. Wa kwanza hutoka katika meli ya kitalii, jengo jeupe lenye ghorofa nyingi kuliko nyumba yoyote ya Mji Mkongwe, na ndani yake abiria ambao huweza kuzidi elfu mbili. Hushuka kwa makundi, vibandiko vya nambari vifuani, wakagawanywa: hawa wazunguke mjini, hawa waende mashamba ya viungo, hawa wavuke Changuu wakawaone kobe, hawa wapelekwe Jozani kwenye kima punju. Kabla ya magharibi wote wamekwisharudi, honi ikalia, na usiku huohuo meli ikaondoka kwenda bandari nyingine.

Wa pili huteremka katika boti iendayo kasi kutoka Dar es Salaam. Miongoni mwao wamo wanawake wa vikundi vya kuweka na kukopa kutoka Kibaha na Kisarawe, wamevaa sare za kitenge, waliojichanga kidogo kidogo mwaka mzima ili wapate siku moja ya kutembea. Wameondoka Maili Moja na Kisarawe mjini kabla ya alfajiri. Wamekaa baharini kiasi cha saa mbili, na baadhi yao bahari imewachafua moyo. Nao pia wengi hurudi jioni hiyohiyo. Mbele ya mlango mmoja wa kuchongwa, makundi haya mawili hupishana, na kila moja hulitazama lenzake kwa jicho la mshangao.

Kwa hesabu ya siku, wote ni sawa. Kwa hesabu ya utu, mizani inahitaji kushikwa kwa utulivu zaidi.

Lugha yenyewe inatoa dokezo. Neno talii lina udugu na mtalaa, yaani kusoma na kupekua kwa makini. Kwa asili yake, basi, mtalii ni msomaji wa nchi. Mgeni ni neno jingine kabisa. Mtu aweza kutalii peke yake jangwani, lakini hawezi kuwa mgeni peke yake, kwani hapana mgeni pasipo mwenyeji. Mtalii huhitaji mahali; mgeni huhitaji mtu.

Meli ya kitalii imeundwa ili abiria wake asimhitaji mtu wa nchi kavu. Kitanda anacho, chakula anacho, daktari yumo, muziki umo. Kama wale kobe wa Changuu atakaowatazama saa nne asubuhi, hutembea na nyumba yake mgongoni. Hili si tusi. Katika abiria hao wamo wazee walioweka akiba miaka mingi, wenye magoti yasiyoweza tena ngazi za viwanja vya ndege, na kwao meli ndiyo njia ya pekee iliyobaki ya kuiona dunia kabla ya kuiaga. Furaha yao ni ya kweli. Wala kisiwa hakitoki mikono mitupu: mwenye mashua, dereva, mwongozaji na mchuuzi wa karafuu hupata chao, na methali nyingine husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Ila huko kupona kuna mpaka. Mchuuzi huikumbuka meli. Aliyenunua kwake hamkumbuki, wala hakuombwa kumkumbuka.

Haikuwa hivi kila zama. Kwa karne nyingi pwani hii ilipokea wageni wake kwa amri ya upepo. Kaskazi ilivuma kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Machi, ikayaleta majahazi ya Uarabuni, Ghuba na Bara Hindi. Kisha yakangoja kusi iwarudishe mabaharia kwao. Katika kungoja huko, ambako kulikwenda kwa miezi, baharia hakuweza kubaki mtazamaji. Alikopa na kukopesha, alisali safu moja na wenyeji, aliuguzwa, pengine alioa. Aliyechelewa kupakia na msimu ukampita, alijikuta na mwaka mzima mbele yake. Hapana aliyemwambia baharia apende watu wa nchi. Upepo ulimfungia mlango, naye akalazimika kujifunza jina la jirani yake. Sehemu kubwa ya utamaduni wa mwambao ni zao la wageni waliocheleweshwa. Kisha ukaja moshi. Mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka 1869, na mwaka 1872 meli za barua za Waingereza zikaanza safari za kawaida hadi Unguja. Tangu hapo nahodha hakumngoja mtu wala upepo. Lililopotea halikuandikwa katika daftari la bandari, maana halikuwa shehena.

Nyuma ya bandari, bara, kulikuwa na sheria nyingine, na hapa ndipo Kibaha na Kisarawe zinapoingia katika mazungumzo haya kwa haki yake. Kibaha ni makao makuu ya Mkoa wa Pwani, ilhali mji wenyewe hauioni bahari. Kisarawe nayo imekaa katika vilima vyenye misitu, nyuma ya Pugu. Nchi hiyo yote ni Uzaramo, na misafara iliyotoka pwani kwenda bara ilibidi iipite. Mwaka 1857 Burton na Speke walipita humo, nao, kama wenye misafara wengine, walidaiwa hongo na wakuu wa Kizaramo walioitwa mapazi. Siku hizi neno hongo limeanguka likawa rushwa. Wakati ule lilikuwa ushuru wa njia: mtu asiyekusudia kukaa alilipa kwa kupita. Maana yake ilikuwa wazi. Mwenye kukaa apewe jembe. Mwenye kupita atoe hongo. Aliyelipa hongo alipata njia na usalama, wala hakudai kuitwa ndugu.

Abiria wa meli ya leo, kwa kipimo hicho, ni mtu wa msafara. Ada ya bandari, kiingilio cha msitu na malipo ya mwongozaji ndiyo hongo yake, na akiitoa kwa haki hana lawama. Kosa huanza pale anapoamini kwamba kwa hongo ile amenunua na ugeni pia: kwamba tabasamu ya mwenye duka ni karibu ya mwenye nyumba, na kwamba mtoto wa uchochoroni ni sehemu ya mandhari aliyoilipia.

Lakini pana pingamizi ambalo haliwezi kukwepwa. Je, kukaa kwenyewe ni sifa? Historia ya Uzaramo inasema hapana. Wajerumani walikaa, hawakupita. Mwaka 1902 utawala wao ulianzisha mashamba ya pamba ya vijiji katika wilaya ya Dar es Salaam, watu wakalimishwa kwa lazima na kwa malipo madogo mno, na miaka mitatu baadaye vita vya Maji Maji vikazuka kusini na kuenea hadi Uzaramo. Huyo alikuwa mgeni aliyeigeuza methali: siku ya tatu alimpa mwenyeji jembe. Na Unguja kwenyewe wapo watu walioletwa wakapewa jembe siku ya kwanza, pasipo mkeka wala wali, katika mashamba ya mikarafuu. Wengi walitoka bara, Wazaramo wakiwamo. Soko la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873, na utumwa kisheria ulifutwa kisiwani mwaka 1897. Wingi wa siku, basi, haumfanyi mtu kuwa mgeni mwema. La kuuliza ni jembe limo mkononi mwa nani, na nani amelitoa.

Kibaha inao mfano wa jibu. Mwaka 1963 ulianza pale mradi wa pamoja wa Tanganyika na nchi za kaskazini mwa Ulaya, zikiwamo Denmaki, Ufini, Norwei na Uswidi. Walimu, waganga na mabwana shamba kutoka nchi hizo walikuja, wakajenga pamoja na wenyeji shule ya sekondari, kituo cha afya na chuo cha wakulima. Mwaka 1970 vilikabidhiwa kwa serikali ya Tanzania, navyo vikaendelea kwa jina la Shirika la Elimu Kibaha. Hao hawakuwa malaika, na kila msaada una kivuli chake. Hata hivyo walishika jembe katika shamba la mwenyewe, kisha wakaliacha mpini ukiwa kwa mwenyewe. Ni watu wa nchi zilezile ambazo leo baadhi ya wazee wake huja kwa meli. Tofauti ya baba na mtoto, hapo, haimo katika asili yao wala fedha zao. Imo katika deni: mmoja alikubali kudaiwa na mahali, mwingine amepangiwa safari ambamo kila kitu kimekwishalipwa.

Hapo ndipo penye kiini. Mtu huwa mgeni anapokubali kuwa na deni ambalo hongo haiwezi kulifuta. Deni hilo laweza kuanza hata katika saa nane, na laweza kukosekana katika miaka arobaini. Zamani upepo ulimtia msafiri katika deni apende asipende. Leo injini imemsamehe. Kwa hiyo kilichokuwa kazi ya upepo sasa ni kazi ya nia, na nia ni nzito kuliko upepo kwa kuwa hapana wa kumlazimisha mtu kuwa nayo.

Wanawake wa Kisarawe na Kibaha nao hawana hati ya kuzaliwa na nia hiyo. Wamo wanaopiga kelele karibu na msikiti wakati wa sala, wanaompiga picha mpita njia bila idhini, wanaoteta bei ya kikapu cha ukindu hadi msukaji akauza kwa hasara. Undugu wa lugha huweza hata kumharibu mgeni, akadhani ruhusa anayo tayari. Lakini wao wana jambo moja ambalo meli haiwezi kulitoa. Wafikapo Mkunazini, ambapo sasa ni kanisa, wanapoonyeshwa chumba cha chini chenye giza, sauti hushuka. Mwongozaji hutaja makabila, na jina la kwao limo. Hapo hawatalii tena. Wanasoma barua iliyoandikiwa nyumba yao.

Tena wana uwezo wa kutembelewa. Wenyeji wengi wa Unguja hawataona nyumba ya yule mzee wa meli. Bahari, viza na nauli vimesimama kati. Ila Kisarawe inafikika. Anayewahudumia wageni hotelini Dar es Salaam huenda akachota bila kujua maji ya mto Ruvu yaliyosafishwa Mlandizi, wilayani Kibaha, na muhogo anaoula jioni pengine umetoka katika mashamba ya vilima hivyo. Watu wa Kibaha na Kisarawe huwakirimu wengi wasiowajua, kila siku, wala hawaitwi wenyeji. Kwa hiyo wanapovuka kwenda kisiwani wanajua pande zote mbili za mkeka. Kigezo cha ugeni huenda ni hicho: mgeni wa kweli ni yule aliye tayari zamu igeuke.

Hili halimzuii mzee wa meli. Hawezi kulala, lakini aweza kukaa kitako. Aweza kuacha sehemu tatu kati ya nne alizoandikiwa, akabaki baraza moja hadi jina la mwenye baraza limkae ulimini. Aweza kusikia habari za mahali zinazomuumiza bila kuharakishwa kwenye za kumfurahisha. Furaha yake haitapungua. Itapata mtu wa kuidai.

Jioni, bandarini, kabla ya boti kuondoka, hutokea mara nyingi mambo madogo. Mama wa Ng'ambo aliyewapikia wageni wa Kisarawe pilau la mchana huwaletea fungu la karafuu asilolitoza. Nao humpa korosho walizokuja nazo mkobani, na mmoja humwambia kwamba msimu ujao, korosho zikianza kuanguka, avuke aje. Hapana anayeandika tarehe. Akija, siku mbili atakaa mkekani. Ya tatu ataamshwa mapema, maana korosho za kuokota ni nyingi na jua la Kisarawe halingoji.