Eda ya Vita

Mwanamke wa pwani yetu afiwapo na mumewe hukaa eda miezi minne na siku kumi, na katika muda huo hajipambi, hajitii manukato, wala hatoki ila kwa dharura. Lakini siku ya mwisho ikiwadia, wanawake wa mtaani huja kumwogesha, humvika nguo nyingine, na mlango uliokuwa umerudishwa hufunguliwa. Hakuna amdhaniaye kuwa amemsahau marehemu. Sheria iliyompa haki ya kuhuzunika ndiyo hiyo hiyo iliyoiwekea huzuni yake mpaka, kwa kuwa Mwenyezi Mungu, aliyeuumba moyo wa binadamu, anajua kwamba huzuni isiyo na mpaka humla mwenyewe, kisha hugeukia jirani.

Nalifikiri jambo hili la eda kila niitazamapo kadhia ya vita vya Marekani nchini Afghanistan, vilivyoanza tarehe 7 Oktoba 2001, siku 26 baada ya shambulio la New York na Washington, na ambavyo havikwisha mpaka ndege ya mwisho ya askari wake ilipoondoka Kabul usiku wa tarehe 30 Agosti 2021. Msiba uliovileta ulikuwa msiba wa kweli. Watu karibu 3,000 waliuawa katika asubuhi moja, wengi wao wakiwa wamekaa kwenye meza zao za kazi, na yeyote asemaye kwamba waliofiwa hawakuwa na haki ya kuwatafuta wauaji, mimi simo katika kauli yake.

Sisi wa Afrika Mashariki hatuhitaji kusimuliwa maumivu haya na mtu wa mbali. Tarehe 7 Agosti 1998 mkono ule ule wa al-Qaida ulilipua balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam, wakafa watu 213 Nairobi na 11 Dar es Salaam, na katika jumla hiyo Wamarekani walikuwa 12 tu. Nimepata kusimama mbele ya ukuta wa majina katika bustani ya kumbukumbu, pale Barabara ya Moi inapokutana na ile ya Haile Selassie, nikamwona mama mmoja wa makamo akipitisha kidole juu ya herufi za jina moja, taratibu, kama mtu asomaye kwa kupapasa. Wengi waliopofuka siku ile walisikia kwanza mshindo mdogo, wakakimbilia madirishani kutazama kuna nini, na mshindo mkubwa ukawakuta hapo hapo nyuso zao zikiwa kwenye vioo. Siku 13 baadaye Marekani ilijibu kwa makombora, na mojawapo ya mahali palipopigwa ni kiwanda cha dawa cha al-Shifa, Khartoum, kilichodaiwa kuwa kilihusika na kutengeneza sumu ya kivita. Madai hayo hayajathibitishwa hata leo. Yule mama wa ukutani hakurudishiwa kitu kwa kuungua kwa dawa za Wasudani.

Walakini swali langu si la kombora moja lililokosea. Swali langu ni hili: je, haki ya kupigana, ambayo mtu aliipata siku alipodhulumiwa, hubaki mkononi mwake miaka 20 bila kupungua?

Wanazuoni wa dini wamelishughulikia jambo la vita tangu zamani, na si wa dini moja. Khalifa Abu Bakr alipotuma jeshi kwenda Sham aliliusia lisiue mwanamke, wala mtoto, wala mzee, lisikate mti wenye matunda, na liwaache watawa katika nyumba zao za ibada. Augustino, aliyeishi kuiona Roma ikitekwa mwaka 410, alifundisha kwamba vita hupiganwa kwa ajili ya amani. Na Thomas Aquinas wa karne ya 13 alitaka mambo matatu kabla upanga haujatolewa alani, yaani amri ya mwenye mamlaka halali, sababu ya haki, na nia njema. Lakini aghalabu watu wakiyasoma mafundisho haya huyatumia kuulinda mlango wa kuingilia vitani. Wakishaona kwamba mlango huo umepitwa kwa halali, huenda zao kulala, na mlango wa kutokea hauna bawabu.

Mimi nashika hilo la tatu, nia. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo ya wengi katika mwambao wetu, mtu aliyeingia katika sala ya adhuhuri hawezi, akiwa katikati ya rakaa, kuigeuza moyoni iwe ya alasiri; akifanya hivyo sala yake hubatilika, ijapokuwa amesimama pale pale, ameelekea kibla kile kile, na udhu wake haujatanguka. Atazamaye kwa nje haoni badiliko lolote. Basi ikiwa nia iliyogeuzwa hubatilisha sala, ambayo haimdhuru mtu, vipi isibatilishe vita, ambavyo kila siku yake ina roho za watu?

Na nia ya vita vile iligeuzwa si mara moja. Kwanza ilikuwa kuwakamata waliopanga shambulio na kuiondoa serikali iliyowahifadhi. Taliban walitoka Kabul tarehe 13 Novemba 2001, na mwezi uliofuata mabaki ya al-Qaida yakapenya katika milima ya Tora Bora na kukimbia. Ikawa sasa nia ni kujenga dola mpya. Kisha kuwafunza askari wa dola hiyo. Kisha kuzuia wasirudi wale waliokwisha kuondolewa. Mwaka 2003, ilhali moto wa kwanza haujazimwa, Iraq nayo ikavamiwa kwa sababu ya silaha za maangamizi ambazo hazikupatikana. Osama bin Laden aliuawa tarehe 2 Mei 2011, nchini Pakistan, wala si Afghanistan. Na kama kweli kumtafuta ndiko kulikuwa vita, ingetosha siku ile kumwogesha mjane na kuufungua mlango. Vita viliendelea miaka 10 zaidi.

Chanzo cha hayo yote nakiona katika siku moja. Tarehe 14 Septemba 2001, moshi ukiwa bado unafuka New York, Baraza la Wawakilishi la Marekani lilipitisha idhini ya kutumia nguvu kwa kura 420 dhidi ya 1, na Seneti kwa kura 98 bila mpinzani. Kiini cha idhini hiyo ni sentensi moja ya maneno 60, ambayo haikutaja nchi, haikutaja jina la adui, wala haikutaja siku ya mwisho. Kura ile moja ya kukataa ilikuwa ya Barbara Lee wa California. Siku hiyo hiyo alikuwa amehudhuria maombolezo katika kanisa kuu la Washington, na alikata shauri humo, kwa kuisikia sala ya mchungaji aliyeomba kwamba katika kutenda kwao wasije wakafanana na uovu wenyewe. Alitukanwa, akatishiwa kuuawa, ikabidi apewe walinzi. Nikimfikiria mama huyu simwoni kama mtu aliyewakana waliofiwa. Namwona kama yule bibi mzee katika matanga ambaye, wengine wote wakilia, yeye ndiye huuliza siku ngapi, na nani atakayehesabu.

Wapo watakaoniuliza: na wasichana wa Kabul je? Swali hili ni zito, wala halinipi usingizi mwepesi, kwa maana ni kweli kwamba katika miaka ile 20 wasichana wengi walisoma, na ni kweli kwamba tangu 2021 wamekatazwa shule baada ya darasa la sita, na mwisho wa 2022 hata vyuo vikuu wakafungiwa. Lakini mapatano ya Doha ya tarehe 29 Februari 2020, yaliyofungua njia ya kuondoka, yalitiwa saini baina ya Marekani na Taliban pasipo serikali ya Afghanistan kuwamo, seuze wasichana wenyewe. Wenye nchi hawakuulizwa vita viendelee hadi lini, na hawakuulizwa vikomeje. Wema uliochipua katika kivuli cha vita ulitajwa kila ulipofaa kuvitetea, na ulipokuwa mzito kuubeba, ukaachwa uwanja wa ndege.

Uwanjani hapo, tarehe 26 Agosti 2021, mlipuaji wa kujitoa mhanga aliua askari 13 wa Marekani na Waafghani wapatao 170. Baadhi ya askari hao walikuwa na umri wa miaka 20. Vita vilipoanza walikuwa wakinyonya. Siku tatu baadaye mwanamume mmoja mkaazi wa Kabul, mfanyakazi wa shirika la misaada la Kimarekani, alirudi nyumbani na gari lake jeupe lenye madumu ya maji aliyokuwa ameyajaza kazini, kwa kuwa mtaani kwake maji yalikuwa hayatoki. Watoto wa aila yake walitoka mbio kumlaki, kama watoto watokavyo kila mahali baba akiingia uani. Waliokuwa wakitazama kwa ndege isiyo na rubani waliyadhania madumu yale kuwa ni baruti. Watu 10 waliuawa, 7 kati yao watoto, na jeshi lililosema kwanza kwamba lilipiga kwa haki lilikiri tarehe 17 Septemba kwamba lilikosea.

Sentensi ile ya maneno 60 haijafutwa. Imekwisha kutumiwa Yemen, na imetumiwa Somalia, jirani yetu, kupigana na al-Shabaab, kundi ambalo siku ile sentensi ilipopigiwa kura lilikuwa bado halijakuwapo duniani.