Mtoto Hakuwa Mvivu

Mtoto akikosa shule, sababu haikawii kupatikana. Mvivu. Mama yake hajali. Baba ni mlevi. Ukiwauliza watu stejini Bumala, Busia, magharibi mwa Kenya, wengine watamtaja hata jirani mwenye kijicho. Kumbandika mtu chanzo cha shida yake bila kukitafuta ni dhuluma, na watoto ndio wanaoibeba zaidi, maana hawana pa kujitetea.

Ukitoka Bumala kuelekea Funyula na Budalang'i, unaingia katika shule zilizoifundisha dunia jambo hili. Mwaka 1998 wanauchumi Michael Kremer na Edward Miguel, pamoja na shirika la Kiholanzi la ICS, walianza mradi wa dawa za minyoo katika shule 75 za msingi zenye wanafunzi zaidi ya 30,000. Walipowapima baadhi yao, zaidi ya tisa katika kila kumi walikuwa na minyoo: safura inayopenya nyayo zisizo na viatu, kichocho cha maji ya ziwani, na mingineyo.

Shirika halikuweza kuzifikia shule zote kwa mpigo. Basi zikapangwa kwa alfabeti na kuhesabiwa: moja, mbili, tatu, moja, mbili, tatu. Kundi la kwanza lilipata dawa 1998, la pili 1999, la tatu 2001. Uzito wote uko hapo. Alfabeti haijui shule yenye mwalimu mkuu hodari wala kijiji chenye wazazi wenye uwezo, kwa hiyo tofauti ikitokea kati ya makundi, huwezi kuwasingizia wazazi. Na ilitokea: utoro ulipungua kwa takriban robo. Hata wanafunzi wa shule zilizopewa dawa ambao hawakumeza tembe walinufaika, kwa kuwa mayai ya minyoo yalipungua udongoni. Alama za mtihani, hata hivyo, hazikupanda. Nawaheshimu watafiti hao kwa kulisema hilo wazi.

Katika Busia na Teso pia, watafiti waliona kwamba shule zenye chati za kufundishia ukutani zilikuwa na alama nzuri zaidi. Nani asingesema chati ndizo zilizozaa alama? Lakini zilipogawiwa shule zilizoteuliwa kwa bahati nasibu, alama hazikubadilika. Inaelekea shule zilizokuwa nazo mwanzoni zilikuwa na mengine mema yaliyotangulia chati.

Kremer alipata Tuzo ya Nobel ya Uchumi mwaka 2019 pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo. Kabla ya hapo, 2015, watafiti wa London walizirudia hesabu za minyoo, wakakuta makosa, na mjadala ukawa mkali. Uliwezekana kwa sababu Kremer na Miguel waliwapa takwimu zao. Sisi tunaomhukumu mtoto wa jirani huwa hatuachi mlango kama huo.

Ninaowafikiria zaidi ni watoto wa kundi la tatu. Walingoja hadi 2001, matumbo yakiwauma, na hivyo tofauti ikaonekana. Serikali ilianza mpango wa kitaifa wa kugawa dawa hizo shuleni mwaka 2009, na ushahidi wa Busia ulikuwa mkononi. Leo watoto wale ni watu wazima, wengi wana watoto wao darasani. Sijui ni wangapi waliowahi kuelezwa kwamba kungoja kwao kulikuwa sehemu ya ushahidi huo. Wanastahili kuelezwa, na kushukuriwa.