Mwanamfalme wa Kihindi Aliyefanywa Mtakatifu

Kwa karne nyingi, Wakatoliki wa Ulaya waliadhimisha kila tarehe 27 Novemba watakatifu wawili, Barlaam na Josaphat. Barlaam alikuwa mtawa. Josaphat alikuwa mwana wa mfalme wa India, aliyefungiwa na baba yake katika jumba la anasa asijue kwamba duniani kuna maradhi, uzee na kifo. Siku alipotoka akakutana na kipofu, kisha kikongwe aliyepinda mgongo, na raha yote ikawa shubiri.

Msomaji wa maisha ya Budha ameshamtambua.

Safari ya kisa hiki imo ndani ya jina lenyewe. Bodhisattva, yaani aliye njiani kuelekea uamsho, aliingia katika Kiarabu akiitwa Budhasaf. Aliyepita chuo cha Kurani atakielewa kilichofuata: herufi be ina nukta moja chini, ye ina mbili. Mnakili akizidisha nukta, Budhasaf anakuwa Yudhasaf. Wajojia wakamwita Iodasaf, Wagiriki Ioasaf, Walatini Josaphat. Mwaka 1553 kisa kilitafsiriwa kutoka Kiarabu hadi Kigeez, huko Ethiopia. Ni katika karne ya 19 ndipo wataalamu wa Ulaya walipothibitisha kwamba Kanisa lilikuwa likimheshimu Budha bila kujua.

Je, waumini hao walidanganyika? Hukumu hiyo ni nyepesi mno. Budha alifundisha kwamba mateso yanatokana na kiu ya nafsi, na kwamba kiu hiyo inaweza kuzimwa. Katika kisa, Barlaam anamjibu mwanamfalme kwa habari za Mungu Muumba, ubatizo na ufufuo. Majibu hayo hayafanani, na kuyachanganya ni kuzivunjia heshima dini zote mbili. Kilichovuka jangwa na bahari ni swali: mtu aishije ilhali anajua atakufa? Swali hilo halikuhitaji kubatizwa wala kusilimishwa. Kila lilikofika lilikuta watu tayari wanakosa usingizi kwa ajili yake.

Mifano ya Barlaam nayo ilisafiri. Mmoja unasimulia masanduku: yaliyopambwa kwa dhahabu yana mifupa iliyooza, yaliyopakwa lami yana vito. Ndugu yake wa karibu yumo katika tamthilia ya Shakespeare ambayo Mwalimu Nyerere aliifasiri mwaka 1969, Mabepari wa Venisi.

Mwingine ulimchoma moyo Leo Tolstoy. Mtu anamkimbia mnyama mkali, anajitupa kisimani, ananing'inia kwenye tawi. Chini joka limeachama. Panya wawili, mweupe na mweusi, ndio mchana na usiku, wanalitafuna tawi, naye analamba asali majanini. Tolstoy, tajiri na mwandishi mashuhuri wa Urusi, alikiri katika kitabu chake cha maungamo kwamba asali hiyo kwake haikuwa tamu tena. Aliutaja mfano huo kuwa ngano ya Mashariki.

Maandishi ya Tolstoy juu ya kutopinga uovu kwa mabavu yalimfikia wakili kijana wa Kihindi nchini Afrika Kusini mwaka 1894. Mwaka 1910 wakili huyo, Mohandas Gandhi, na rafiki yake Hermann Kallenbach walifungua shamba karibu na Johannesburg, familia za waliokataa kutii sheria za kibaguzi zipate pa kuishi kwa jasho lao. Wakaliita Shamba la Tolstoy.