Kalisi Moja Katika Jani

Somo: 1 Wakorintho 12:14–26



Msimu huu mahindi na maharage yamefunika matuta ya Laela, nasi twafurahi kutazama maana twajua tutakula. Lakini jani hilo, kabla halijatupa chakula, limekwisha kutupa pumzi. Juu ya jambo hilo twataka kusema kidogo, tukilisoma pamoja na maneno ya Mtume Paulo juu ya mwili na viungo vyake.

Kitabu cha shule hufundisha kwamba jani hutumia nuru ya jua, maji na hewa ukaa kujifanyia chakula, kisha hutoa oksijeni. Oksijeni hiyo yatoka wapi? Mwaka 1941 wataalamu wa Marekani, Samuel Ruben, Martin Kamen na wenzao, waliipa mimea midogo ya majini maji yenye oksijeni nzito kuliko ya kawaida, wakaona kwamba pumzi itokayo ni ya maji. Yaani jani hupasua maji. Na maji hayapasuki kirahisi. Mama aweza kuyachemsha mpaka sufuria ikauke, na mvuke ule uliopaa bado ni maji.

Mahali pa kupasulia ni kundi dogo mno la atomu: manganizi nne na kalisi moja, zilizofungamana na oksijeni tano. Mwaka 2011 wataalamu wa Japani walitoa picha yake iliyo wazi, nalo lafanana na kiti kilichopinda. Nuru hulipiga mara nne. Kila mara elektroni moja, yaani chembe ya umeme, hutolewa. Baada ya mara ya nne, molekuli mbili za maji zimetoa molekuli moja ya oksijeni. Wenye kutoa ni manganizi. Kalisi, ile ile iliyomo katika chokaa, mifupa na maganda ya mayai, haitoi elektroni hata moja. Karani wa kuandika mahudhurio angeandika: manganizi nne zimefanya kazi, kalisi moja imekaa tu.

Basi katika miaka ya 1980 wataalamu walichukua vipande vya mboga ya spinachi wakaviosha kwa maji ya chumvi nyingi, kalisi ikatoka. Manganizi zote zilibaki, maji yalikuwapo, nuru ilikuwapo. Kazi ilianza, ikakwama njiani, na oksijeni ikakosekana. Waliporudisha kalisi, oksijeni ikatoka tena. Metali nyingine zimejaribiwa mahali pake. Ni strontiamu peke yake iliyoweza, nayo kwa polepole. (Mtu asikimbilie kumwaga chokaa shambani kwa sababu ya habari hii. Udongo mchachu ni somo jingine, aulizwe bwana shamba.)

Kalisi hukaa karibu na maji na kuyashikilia mahali pake. Jinsi hasa inavyoifanya kazi yake, wataalamu hawajamaliza kubishana. Kwamba ni ya lazima, hawabishani.

Paulo naye hakusema kwamba viungo vidhaifu vivumiliwe. Alisema ni vya lazima, na hapo ndipo tunapojikwaa. Umeingia mtindo katika makanisa yetu wa kumpima Mkristo kwa risiti. Asiyelipa ahadi mwaka wa pili, wa tatu, jina lake hukatwa katika orodha. Na siku ya msiba wake watu hukaa kujadiliana kama azikwe kwa ibada au la, maiti ikingoja ndani.

Twajua bati halinunuliwi kwa nyimbo, na kasisi ana watoto wa kusomesha. Wanaotoa kwa bidii wasivunjwe moyo. Bila manganizi nne nako hakuna pumzi. Lakini yuko bibi asiyekuwa na senti ya ahadi, naye ndiye afagiaye kanisa Jumamosi, akeshaye na mgonjwa, ajuaye ni nyumba gani watoto wamelala bila kula. Wengi wetu tumebaki karibu na kanisa kwa sababu alitushika mkono. Kitabu gani cha risiti kimeandika hayo? Na yule alalaye kitandani, asiyeweza hata kushika ufagio, je, tumwambie hatuna haja naye kwa sababu hatujaielewa kazi yake? Paulo amekwisha kulikataza neno hilo kinywani mwa jicho na kichwa.

Halmashauri itakapokaa kupitia orodha kabla ya Sikukuu ya Mavuno, twaomba majina yaliyokatwa kwa ajili ya ahadi yasomwe kwanza, moja moja, kwa sauti. Kisha Umoja wa Mama na wazee wa kanisa wagawane nyumba hizo, waende wawili wawili wiki hiyo hiyo. Wakifika wakae, wasali, wanywe uji kama wakikaribishwa. Kitabu cha risiti wakiache nyumbani.